Maji ya chini ya ardhi jirani na mgodi wa makaa: vipimo vya kuwahi kabla shimo halijaanza

Mgodi wa makaa wa shimo la wazi ukishavuka usawa wa maji, siku ya swali hufika. Chemchemi ya chini ya mteremko imepungua, na kijiji kinataka kujua kama ni mgodi au ni kiangazi. Kwenye mkutano wamekaa akina mama wanaochota pale tangu waolewe, mwenyekiti wa kijiji, ofisa mazingira wa mgodi na mtaalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde. Daftari la vipimo lililoanzia siku pampu za mgodi zilipowashwa halina jibu. Linaonyesha maji yakishuka, na maji ya chini hushuka kila kiangazi hata mahali pasipo na mgodi. Watu huondoka na hasira ileile waliyokuja nayo, na mgodi, hata kama hauhusiki, hauna cha kujitetea nacho. Haya yanayofuata yanahusu namna ya kupata namba zitakazoihimili siku hiyo.

Tuchukue bonde la mto Ruhuhu, kusini magharibi mwa Tanzania. Makaa ya Ngaka, wilayani Mbinga, yamechimbwa tangu 2011, na Mchuchuma ya Ludewa imo katika bonde hilohilo. Soko la nje lilipopanda mwaka 2022, makaa ya Ruvuma yalisafirishwa kwa wingi kupitia bandari ya Mtwara, na kadiri uchimbaji unavyopanuka ndivyo suala la maji linavyosogelea nyumba za watu. Miamba ya huko ni ya Karoo: mawe ya mchanga, mawe ya tope na tabaka za makaa zilizolala katikati yake. Maji hayakai sawasawa ndani ya miamba hiyo. Hupita kwenye mipasuko, hupita kwenye mawe ya mchanga, na mara nyingi hupita ndani ya tabaka la makaa lenyewe, kwa sababu makaa yana nyufa nyingi. Juu ya vyote kuna udongo na mwamba uliolika, ambamo visima vya kuchimbwa kwa mkono na chemchemi nyingi hupata maji yake. Anayepanga vipimo bila kutenganisha maji haya ya juu na yale ya kwenye makaa atapata namba nyingi zisizojibu kitu.

Kazi huanza kwa miguu, kabla ya mashine yoyote. Zunguka vijiji vyote vya jirani na uorodheshe kila chanzo cha maji: chemchemi, kisima cha kamba, pampu ya mkono, kijito. Kwa kila kimoja chukua majira ya GPS, picha, kina, na majina ambayo wenyeji wanakiitia, maana chemchemi moja inaweza kuwa na majina mawili na mgogoro ukaanzia hapo. Waulize wanaochota ni mwezi gani maji hupungua, na kama chanzo kimewahi kukauka na lini. Chemchemi pima kwa ndoo na saa: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 50, hiyo ni lita 0.4 kwa sekunde. Pima mara tatu, andika zote tatu. Kazi hii haigharimu zaidi ya mafuta ya pikipiki na posho, lakini ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote, na hakuna fedha itakayoweza kuinunua baada ya shimo kuanza.

Rekodi hii ya mwanzo iwe ya mwaka mzima wa mvua na kiangazi kwa uchache. Miwili ni bora zaidi, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa wa ukame. Huko kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Maji ya chini hayapandi siku mvua inaponyesha. Kilele chake huja wiki kadhaa, pengine miezi, baada ya mvua kubwa, na kushuka kwake huendelea hadi mvua mpya iloweshe ardhi vya kutosha. Sampuli zichukuliwe angalau mara nne kwa mwaka: katikati ya mvua, mwisho wa mvua, katikati ya kiangazi na mwisho wake. Kina cha maji kipimwe kila wiki au kila mwezi bila kuruka. Na weka kipimamvua palepale kwenye eneo. Mvua ya mjini Songea au Mbinga haiwezi kukueleza ya bonde lako.

Sasa visima vya uangalizi. Hapa ndipo fedha nyingi huenda, kwa hiyo hapa ndipo kishawishi cha kupunguza kinapokuwa kikubwa. Namna inayojitokeza ni kuchimba kisima kimoja kirefu chenye bomba la matundu kutoka juu hadi chini ili “kipime yote”. Kisima hicho kinadhuru kuliko kutokuwepo. Maji ya tabaka la juu na ya tabaka la makaa huchanganyika ndani yake, kina unachosoma si cha tabaka lolote, na kisima chenyewe kinakuwa mfereji wa kupeleka maji mabaya mahali ambako hayakuwa yakifika. Kila tabaka liwe na kisima chake, vikiwa jirani mita chache tu: kimoja kifupi cha kwenye mwamba uliolika, kimoja cha kwenye makaa, na ikiwezekana kimoja cha kwenye mawe ya mchanga yaliyo chini ya makaa. Kama bajeti haitoshi, punguza idadi ya maeneo, usipunguze utengano wa tabaka.

Kuhusu mahali pa kuviweka, kimoja kiwe upande maji yanakotoka kabla hayajafika mgodini, na angalau vitatu upande yanakoelekea, vikiwa kati ya shimo, lundo la kifusi na bwawa la maji machafu kwa upande mmoja, na vyanzo vya kijiji kwa upande mwingine. Mwelekeo wa maji usiukadirie kwa kuangalia mteremko. Visima vitatu vilivyokaa pembetatu katika tabaka moja, vikiwa vimepimwa usawa wake na mpima ardhi, vitakuambia maji yanaelekea wapi. Kisha ongeza kisima cha ulinganisho, mbali kiasi kwamba pampu za mgodi haziwezi kukifikia, lakini katika miamba ileile na mvua ileile. Menejimenti huuliza kwa nini fedha zitumike kuchimba mahali ambako hakuna mgodi. Jibu lake liko katika hesabu inayokuja mbele.

Muundo wa kisima ni huu. Bomba la PVC la milimita 50 linatosha kwa vipimo, ingawa pampu nyingi za kawaida haziingii humo, kwa hiyo hakikisha unayo inayoingia kabla ya kuagiza mabomba. Mabomba yaunganishwe kwa nyuzi za kukaza, kamwe yasigundishwe kwa gundi, maana gundi huachia kemikali zitakazoonekana maabara. Sehemu ya matundu iwe mita 3 hadi 6, ndani ya tabaka husika tu. Izungukwe na mchanga safi wa kwazi (quartz) uliochekechwa, ufike kidogo juu ya matundu, kisha ije bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, walau mita moja, kisha saruji hadi juu. Bentonaiti ndiyo kizuizi cha kweli: huvimba ikilowa na kuziba. Imwagwe polepole na kina chake kipimwe kwa utepe wakati inashuka, kwa kuwa vipande vyake hukwama njiani na kuacha nafasi tupu chini. Wachimbaji wanaolipwa kwa mita hawana subira na hatua hii. Msimamizi asimame pale hadi mwisho. Juu weka kizingo cha chuma chenye kufuli na sakafu ya zege iliyoinamia nje. Halafu kisafishe kisima kwa kompresa au pampu mpaka maji yatoke meupe, na ukipumzishe wiki moja au mbili kabla ya sampuli ya kwanza. Saruji mbichi hupandisha pH, kipimo cha tindikali ambacho 7 ni katikati na chini yake ni uchachu, hadi 10 na zaidi. Ukiona namba hiyo kwenye kisima kipya, shuku saruji iliyopenya.

Chora alama ya kudumu kwenye mdomo wa bomba. Kila kipimo cha kina kitaanzia kwenye alama hiyo, na usawa wake juu ya bahari upimwe na mpima ardhi hadi sentimita. GPS ya mkononi haifai kwa kazi hii, kwa vile kosa lake la kimo ni mita kadhaa. Gari likigonga kizingo na bomba likakatwa sentimita 12, kisima “kitapanda” sentimita 12 kwenye grafu bila tone moja la maji kuongezeka. Andika tarehe ya ajali, pima upya usawa, na rekebisha kuanzia siku hiyo.

Kina chenyewe hupimwa kwa dipa, ule utepe wenye kichwa kinacholia kikigusa maji. Shusha, soma, inua kidogo, shusha tena. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita moja, endelea mpaka vikubaliane. Andika saa, na andika kama pampu yoyote ya jirani ilikuwa ikifanya kazi. Futa utepe na uusuuze kwa maji safi kati ya kisima na kisima, ukianzia kisima kisafi zaidi na kumalizia kichafu.

Virekodi vya mgandamizo vinavyoning’inizwa ndani ya kisima hupunguza safari na huonyesha mambo ambayo mtu hawezi kuyaona, kwa mfano kina kinavyoshuka usiku pampu za shimo zinapoongezwa. Ila vina masharti. Vingi hupima uzito wa maji pamoja na uzito wa hewa iliyo juu yake, hivyo lazima kirekodi kingine kipime hewa peke yake na tofauti itolewe. Badiliko la hektopaskali 1 ya hewa ni kama sentimita 1 ya maji, na katika nchi zetu za joto hewa hupanda na kushuka hektopaskali 2 hadi 3 kila siku. Asiyetoa tofauti hiyo ataona maji “yakipumua” mara mbili kwa siku. Kila unapokwenda kupakua data, pima pia kwa dipa na uandike, kwa kuwa kamba hulegea, saa ya kifaa huchelewa, na betri hufa kimya katikati ya masika, barabara ikiwa haipitiki.

Tuje kwenye sampuli. Maji yaliyokaa ndani ya bomba yameguswa na hewa, hayawakilishi mwamba. Yaondoe kwanza. Bomba la milimita 50 lina karibu lita 1.96 kwa kila mita ya maji. Likiwa na mita 20 za maji, hiyo ni lita 39, na kanuni ya kutoa ujazo mara tatu inakupa takriban lita 118. Njia ya pili, ambayo ni bora kwa vyuma, ni kupampu taratibu, lita 0.1 hadi 0.5 kwa dakika, usawa wa kisima usishuke zaidi ya sentimita 10 hivi, huku ukisoma mita kila baada ya dakika chache. Chukua sampuli pale vipimo vitatu mfululizo vinapokubaliana: pH ndani ya 0.1, upitishaji umeme (ambao hupanda chumvi zilizoyeyuka zikiongezeka) ndani ya asilimia 3, na ukungu wa maji umetulia. Kisima cha kwenye mawe ya tope kinaweza kukauka kabisa. Kiache kijae na uchukue ndani ya saa 24. Kichotea cha kamba kinachotumbukizwa kwa kishindo hutibua tope la chini, na tope hilo likienda maabara pamoja na tindikali litatoa chuma na manganizi ambavyo wala havikuwa vimeyeyuka kwenye maji.

Mita zisawazishwe asubuhi ya siku hiyohiyo, pH kwa vimiminika vya 4, 7 na 10, upitishaji umeme kwa kile cha mikrosimensi 1413. Matokeo ya usawazishaji yaandikwe daftarini, kwani ndilo jambo la kwanza ambalo mtaalamu wa upande wa pili ataliuliza. pH na joto vipimwe palepale kisimani. pH ya maabara, siku mbili baadaye, imeshabadilika kwa sababu gesi imetoka.

Kila kisima kinahitaji chupa zaidi ya moja. Ya vyuma huchujwa kwa chujio la mikroni 0.45 palepale na kutiwa tindikali ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukichelewa kuchuja, chuma kilichoyeyuka hukutana na hewa, hugeuka kutu na kuzama, kikibeba aseniki na metali nyingine. Maabara itakuletea jibu zuri la uongo. Chupa ya salfeti, kloraidi na ualkali, yaani uwezo wa maji kuzima tindikali, haitiwi tindikali, hujazwa pomoni na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi. Nitreti ipimwe ndani ya saa 48. Ualkali ndani ya siku 14. Salfeti huvumilia siku 28. Kwa hiyo barafu, basi na siku ya wiki ni sehemu ya mpango. Sampuli inayofika mjini Ijumaa jioni italala hadi Jumatatu. Barafu ya wauza samaki inafaa, ikifungwa kwenye mifuko isiyovuja ili maji yake yasiingie kwenye chupa wala kufuta maandishi. Katika kila sampuli kumi, moja ichukuliwe mara mbili na kupewa jina lingine ili maabara isijue, na kila safari iwe na chupa moja ya maji safi ya maabara iliyopitishwa kwenye chujio na vifaa vyote. Jenereta ikae upande upepo unakoelekea. Na fomu ya makabidhiano isainiwe na kila mkono unaogusa sanduku.

Majibu yakirudi, usiyaingize kwenye jedwali kabla ya kuyahoji. Jumla ya chaji chanya na chaji hasi za chumvi zilizoyeyuka ilingane ndani ya asilimia 5. Ikipita 10, kuna kipimo kilichokosewa na maabara iombwe kurudia wakati chupa bado zipo.

Katika orodha ya kupima, wengi huitazama pH kwanza na kutulia wakiona 7. Hapo ndipo jirani wa mgodi wa makaa anapopoteza muda wake wa thamani. Makaa na mawe yanayoyazunguka huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa. Ikikutana na hewa na maji shimoni au kwenye lundo la kifusi, hutoa salfeti, chuma na tindikali. Kama miamba ina chokaa, tindikali huzimwa, na pH hukaa palepale hata kwa miaka. Lakini salfeti haizimwi. Hupanda, ikifuatana na kalisi na magnesi, yaani ugumu wa maji, na upitishaji umeme hupanda navyo. Chokaa ikikaribia kuisha, ualkali huanguka. pH hushuka mwisho, na hapo chuma, manganizi na alumini huja kwa pamoja. Kwa hiyo kisima chenye salfeti ya miligramu 15 kwa lita ambacho kimefika 90 kinatoa taarifa, ingawa kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa kinaruhusu hadi 400. Anayesubiri 400 ndipo apige kengele amesubiri mno. Weka kiwango cha tahadhari kwa kila kisima kutokana na rekodi yake ya mwanzo, na uandike mapema nani atafanya nini kikivukwa.

Upitishaji umeme ni kipimo cha bei nafuu kuliko vyote na kijiji kinaweza kukimudu kila wiki. Pia sikilizeni wapishi. Sabuni isipotoa povu na maharage yakichelewa kuiva kuliko zamani, ugumu umepanda. Dalili hiyo mara nyingi hutangulia ripoti ya maabara.

Nitreti ina mtego wake. Baruti ya migodini ni ya amoniamu nitreti, na mabaki yake huyeyuka kwenye maji ya shimo. Lakini mbolea ya mahindi huleta nitreti vilevile, na vyoo pia. Vyoo huleta kloraidi pamoja nayo; nitreti inayopanda huku kloraidi ikiwa imetulia, tena katika kisima cha upande wa shimo tu, inaelekeza kwenye baruti. Mbinga ni nchi ya kahawa, na maji ya kukobolea na kuoshea kahawa wakati wa mavuno yana uchachu na huondoa oksijeni mtoni. Mtambo wa kahawa ukiwa juu ya chemchemi, pH inaweza kushuka Julai bila makaa kuhusika, na salfeti haitapanda. Ndiyo maana kalenda ya kilimo iandikwe kando ya matokeo.

Sasa ile hesabu ya kisima cha ulinganisho. Tuseme kuanzia Mei hadi Novemba kisima kilicho kati ya shimo na kijiji kimeshuka mita 2.3, na kile cha mbali kimeshuka 1.9. Kabla ya mgodi vyote viwili vilikuwa vikishuka sawa. Mita 1.9 ni kiangazi, 0.4 inahitaji maelezo, na maelezo hayo yatafutwe kwenye kumbukumbu za pampu za shimo: lita ngapi zilitolewa kila siku, kwa mita iliyofungwa bombani na si kwa kukisia saa za pampu. Bila kisima cha mbali, mmoja angesema 2.3 yote ni mgodi, mwingine angesema yote ni kiangazi, na hakuna ambaye angeweza kukanushwa.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha Bodi ya Bonde kwa kutoa maji na kwa kutiririsha maji machafu, na kwa Ruhuhu bodi hiyo ni ya Bonde la Ziwa Nyasa. Masharti ya vipimo huambatana na vibali hivyo pamoja na cheti cha mazingira. Kijiji kina haki ya kuuliza nakala ya matokeo. Inasaidia sana vijana wawili wa kijiji, wa kike na wa kiume, wakifundishwa dipa na mita ya upitishaji umeme tangu mwaka wa kwanza, funguo za vizingo ziwe mbili, na namba ziandikwe ubaoni kwenye ofisi ya kijiji siku hiyohiyo. Hofu ya watu kuhusu maji ya watoto wao ni ya haki. Haitulizwi na ripoti nene ya Kiingereza inayoletwa baada ya miezi sita. Hutulizwa, au huthibitishwa, na namba waliyoiona ikisomwa.

Na vipimo havikomi mgodi ukifungwa. Pampu zikizimwa maji hupanda tena, hufunika mawe yaliyokaa hewani miaka yote ile, na huyeyusha chumvi zilizokusanyika; miaka ya kwanza ya kujaa inaweza kuwa mibaya kuliko ya uchimbaji. Afrika Kusini wanaijua gharama yake: huko Mpumalanga, mji wa eMalahleni unategemea kwa sehemu mtambo wa kusafisha maji ya migodi uliofunguliwa mwaka 2007, na mwaka 2012 maji ya bomba ya mji wa Carolina yaliharibiwa na tindikali iliyotoka kwenye maeneo ya makaa. Kwa hiyo mpango wa kufunga utaje visima vitakavyobaki, nani atabaki na funguo, fedha za maabara zitatoka mfuko gani, na usawa ambao maji ya shimo yakiufikia yataanza kufurika kuelekea mtoni. Usawa huo hupimwa na kuandikwa wakati mashine bado zipo eneo la kazi.